CV 190, Nafasi Moja: Utatuzi wa Matatizo ya Kuchuja Waombaji wa Kazi ya Meneja Mradi

Tangazo linatoka Jumatatu. Jumanne liko kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Chumbageni mpaka Mabokweni, na siku ya kufunga dirisha kuna maombi 190 ya nafasi moja. Ofisi nyingi za Tanga zinazotafuta meneja mradi hukwama hapo, iwe ni kampuni ya ujenzi Pongwe, shirika la maji Muheza au shamba la mkonge Korogwe linalotaka kujenga korona mpya ya kusindika mkonge. Tumeyapanga matatizo kwa dalili. Tafuta inayofanana na ya kwako, angalia inakotoka, rekebisha. Mfano ni mmoja mwanzo hadi mwisho: meneja wa kusimamia ujenzi wa ghala na ofisi Pongwe, bajeti Sh bilioni 2.4, muda miezi 14. Ghala lenyewe ni la kutungwa, lakini hesabu zake unaweza kuzihamishia kwako kama zilivyo.

Kila unayemsoma anafaa

Umefungua CV 30 na 27 umeziweka kwenye faili la "tutaona". Usizilaumu CV, rudi kwenye tangazo. Tangazo linalosema "awe na shahada katika fani inayohusika, uzoefu usiopungua miaka 5, awe mchapakazi na awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu" halijamzuia mtu yeyote. Mwalimu aliyesimamia ujenzi wa vyoo vya shule yumo. Mhasibu wa mradi wa kilimo yumo. Wote wamesoma tangazo wakajiona humo, na hawakukosea.

Funga barua pepe kwanza. Kaa na yule atakayekuwa bosi wa meneja huyu, maana afisa utumishi peke yake hawezi kujua, mjibu maswali haya kwenye karatasi moja. Atashika fedha kiasi gani, na kikomo chake cha kuidhinisha malipo ni kipi? Watu wangapi watakuwa chini yake moja kwa moja, na wangapi ni wa mkandarasi? Nani anamkagua? Ni kitu gani kikienda mrama kitauangusha mradi?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye mali. Kwa ghala letu la Pongwe jibu ni mvua. Masika hushika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na mradi wa miezi 14 hauna ujanja, lazima ukutane na misimu yote miwili. Msingi ukichimbwa mwishoni mwa Februari na nondo zikachelewa wiki tatu, mashimo yanajaa maji, kuta zinaporomoka, unachimba mara ya pili kwa fedha ileile. Basi unatafuta mtu ambaye CV yake inaonyesha amewahi kupanga kazi kwa kufuata kalenda ya mvua au ya kitu kingine kisichomsubiri mtu. Hilo halikuwa kwenye tangazo la "mchapakazi".

Kutoka kwenye karatasi hiyo toa vigezo vya aina mbili. Vya lazima viwe vitatu, visizidi vinne, na kila kimoja kijibike kwa ndiyo au hapana:

- ameongoza mwenyewe angalau mradi mmoja wa ujenzi uliokamilika, wenye thamani ya Sh milioni 500 au zaidi;
- ana miezi 48 au zaidi ya kusimamia miradi;
- yuko tayari kukaa Tanga muda wote wa mradi.

Vya alama viwe vitano hivi: udhibiti wa fedha, udhibiti wa muda, usimamizi wa makandarasi, aina na ukubwa wa miradi, uandishi wa ripoti. Namna ya kuvipa alama tutaifikia.

Kama tangazo limeshatoka bila vigezo hivi, usibuni sharti la lazima ambalo mwombaji hakuliona. Lisilotangazwa liingize kwenye alama, au liulizie kwa simu. Kama tofauti ni kubwa mno, tangaza upya. Wiki mbili za kutangaza upya ni nafuu kuliko kumwajiri asiyefaa kwa miezi 14.

Hakuna hata mmoja aliyepita

Hii ni pacha ya ile ya kwanza. Mtu ameogopa wingi wa maombi akarundika masharti: shahada ya uhandisi, cheti cha usimamizi wa miradi cha PMP, miaka 10, programu ya kupangia kazi ya Primavera P6, uzoefu wa miradi ya wafadhili, leseni ya udereva. Piga hesabu. Kama kila sharti linapitisha nusu ya waombaji, na masharti hayategemeani, masharti sita yanabakiza mmoja kati ya 64. Kwenye maombi 190 hao ni watu watatu. Na watatu hao wamebaki kwa sababu wamebahatika kuwa na kila karatasi. Kama ndio bora au la, hujapima.

Kwa kila sharti jiulize: mtu asipokuwa nalo, kazi itasimama siku ya kwanza? Leseni ya udereva haisimamishi kazi kama kampuni ina dereva. Primavera inafundishika, na ghala la bilioni 2.4 linapangika vizuri hata kwa MS Project au jedwali la Excel lililotengenezwa na mtu makini. Usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni jambo jingine: kama mtu huyu atafanya na kusaini kazi za kihandisi, sheria inataka awe amesajiliwa, na hapo hakuna cha kulegeza. Kama mkandarasi na mshauri mwelekezi wana wahandisi wao waliosajiliwa, na wewe unataka mtu wa kulinda muda na fedha zako, sharti hilo linaweza kukunyima meneja mzuri mwenye shahada ya ukadiriaji majenzi au ya uongozi.

Kwenye karatasi ni simba, kwenye usaili hajui mradi wake mwenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi za uajiri zinapopotelea, kwa hiyo tutakaa.

Chanzo cha kwanza ni vyeo. Afisa mradi, mratibu wa mradi, msimamizi wa mradi, meneja mradi: kila ofisi inayagawa majina haya kivyake. Kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali mratibu anaweza kuwa ndiye mwenye saini ya benki na wilaya tatu chini yake. Kwenye kampuni ndogo ya ujenzi "meneja mradi" anaweza kuwa ni nyapara aliyepewa fulana yenye maandishi. Ukichuja kwa jina la cheo utamwacha wa kwanza na kumwita wa pili. Tafuta mambo mawili tu: aliripoti kwa nani, na alisaini nini.

Chanzo cha pili ni majina makubwa ya miradi, na Tanga ya sasa imejaa mtego huu. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki linatoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko upande wa Tanzania. Bandari nayo imeongezwa kina. CV nyingi utakazopokea zitabeba mojawapo ya majina hayo, na jina kubwa hufumba macho. Mradi wa ukubwa huo una wakandarasi wakuu, wadogo, na wadogo wa wadogo. Aliyeliandika anaweza kuwa alisimamia kipande kirefu cha kazi, aliendesha kambi, au alikuwa mtunza stoo. Zote ni kazi za heshima, ila usimpe mtu alama za kilomita 1,443 kwa kambi moja. Wala usimdharau huyo wa kambi. Kulisha watu 300, kuwapa maji, magari na usalama bila kazi kusimama ni umeneja mradi kuliko kukaa ofisini ukipokea ripoti za wenzako.

Chanzo cha tatu ni mchapaji. CV nyingi hutengenezwa steshenari, na siku hizi kwa programu za akili mnemba. Ukikuta CV nne zenye sentensi ileile ya "mwenye kujituma na kufanya kazi bila kusimamiwa", usiwaite waongo. Sentensi hiyo ni ya mchapaji, ruka. Twende kwenye mistari ambayo mchapaji hawezi kuijua.

Mstari wa mradi una kazi ya kujibu mambo matano: kilichofanyika na wapi, fedha, muda uliopangwa na uliotumika, watu, na uamuzi uliokuwa mikononi mwake. Linganisha mistari hii miwili ya kutungwa.

Mwombaji namba 041: "Nimesimamia miradi mbalimbali ya miundombinu kwa ufanisi mkubwa, kwa wakati na ndani ya bajeti, nikishirikiana na wadau wote."

Mwombaji namba 117: "Mabweni mawili na bwalo, shule ya sekondari, Handeni. Bajeti Sh milioni 640, gharama ya mwisho Sh milioni 668. Miezi 9 iliyopangwa, 11 iliyotumika. Kazi ya nguzo ilisimama wiki 5 kwa mvua na kukosa saruji. Niliidhinisha hati za malipo za mkandarasi. Mafundi 34."

Msomaji mwenye haraka anampenda 041 kwa sababu hana doa. 117 amekiri kuchelewa na kuzidisha bajeti. Lakini 117 ndiye wa kuitwa, maana ametoa kitu kinachoweza kuhojiwa. Pitia namba zake: fedha imezidi milioni 28, yaani asilimia 4.4. Muda umezidi miezi 2 juu ya 9, asilimia 22. Kwa nini muda umeteleza sana na fedha kidogo? Huenda mkataba ulikuwa wa bei isiyobadilika na hasara ya kuchelewa ikabebwa na mkandarasi. Huenda kuna bili iliyokuja baada ya yeye kuondoka. Halafu wiki 5 hazitoshi kueleza miezi 2. Zile nyingine zilikwenda wapi? Andika maswali haya pembeni ya CV palepale, ndiyo maswali yako ya usaili. Mtu aliyekuwapo atayajibu bila kushika kichwa. Aliyekuwa mpita njia ataanza kuzungumzia wadau.

CV ikija kwa Kiingereza, kama nyingi zinavyokuja, geuza kila kitenzi kiwe Kiswahili cha barazani. Je, mtu huyu alisaidia, alifuatilia, alisimamia au aliamua? Maneno yanayometameta kwa Kiingereza yakigeuzwa mara nyingi yanabaki "nilihudhuria vikao". Na angalia kinyume chake pia: wapo mameneja wazuri wasiojua kujisifu, wanaandika "tulijenga" kila mahali. Huyo si wa kutupwa. Simu ya dakika tano, "wewe binafsi ulikuwa unaamua nini?", inamaliza ubishi.

Miaka ya uzoefu haijumlishiki

Mwombaji ameandika "uzoefu wa miaka 9", ukijumlisha unapata 6, mwenzako anapata 8. Kuna makosa mawili hapa.

La kwanza ni tarehe zisizo na mwezi. "2016–2019" inaweza kuwa Januari 2016 mpaka Desemba 2019, miezi 48, au Desemba 2016 mpaka Januari 2019, miezi 26. Kwa sharti letu la miezi 48, tofauti hiyo ni ya kupita na kutopita. Tarehe ikikosa mwezi na ndiyo inayoamua, piga simu. Usikisie kwa huruma wala kwa ukali. La pili ni kazi zinazopandana: miradi miwili iliyokwenda pamoja kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2022 inahesabiwa mara mbili. Hesabu miezi ya kalenda, chora mstari mmoja wa muda, kila mwezi uhesabiwe mara moja.

Mapengo yasikutishe. Kazi ya miradi inaisha fedha za mradi zinapoisha, na meneja mzuri kabisa anaweza kukaa miezi sita au minane akilima Lushoto huku akisubiri mkataba mwingine. Cha kutilia shaka ni mtu aliyeondoka katikati ya kila mradi, mitatu mfululizo, hakuna hata mmoja aliofika nao kwenye makabidhiano. Hajawahi kukutana na orodha ya kasoro, na hajawahi kugombania fedha za dhamana zilizozuiwa.

Watu wazuri hawaonekani kwenye rundo

Unajua kuna watu mjini wanaofaa, wanasema wameomba, na huwaoni. Kagua njia kabla ya kukagua watu.

Faili la barua taka lifunguliwe kila siku dirisha likiwa wazi. Sanduku likijaa, barua zinarudi kwa mtumaji bila wewe kujua. Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25, na mwombaji aliyepiga picha vyeti tisa kwa simu anavuka hapo bila jasho. Ndiyo maana tangazo liseme CV na barua tu, vyeti baadaye. Bahasha za mkono zilizoachwa kwa mlinzi getini nazo ziingie kwenye daftari siku ileile. Si ajabu zikakutwa chini ya meza yake wiki moja baada ya usaili.

Kuna tatizo la kutafuta neno kwenye kompyuta. Ukiandika "bajeti" kwenye sehemu ya kutafutia, CV iliyopigwa picha haitatokea hata kama imejaa bajeti, kwa kuwa kompyuta inaona picha, haioni maandishi. Programu za kuchuja nazo huchanganya CV zenye safu mbili au majedwali, zikaunganisha tarehe ya kazi hii na jina la kazi ile. Kwa maombi 190 tunashauri usitumie mashine kukataa mtu. Itumie kupanga tu.

Kila ombi lipewe namba (001, 002…) na liingie kwenye jedwali: namba, tarehe, njia lililokuja, simu. Faili lipewe jina la namba hiyo, maana utapokea mafaili 40 yanayoitwa "CV" na angalau moja linaloitwa "CV mpya ya mwisho kabisa".

Wasomaji wawili, majibu mawili

Mmoja amempa mwombaji 28, mwingine 11. Kinachokosekana ni maana ya kila alama. Tumia ngazi hii kwa kila kigezo:

0 – hakikutajwa
1 – kimetajwa kwa maneno tu
2 – kimetajwa kwa namba au mfano unaoshikika
3 – namba, tatizo lililotokea, na alichofanya yeye

Kisha vigezo vipewe uzito. Kwa ghala: fedha mara 3, muda mara 3, makandarasi mara 2, aina ya mradi mara 2, ripoti mara 1. Alama ya juu kabisa ni 33. Turudi kwa watu wetu. 117: fedha 2, maana namba ipo lakini zile milioni 28 hakuzieleza, inakuwa 6. Muda 2, sababu ipo, alichofanya hakipo, inakuwa 6. Makandarasi 2, inakuwa 4. Aina ya mradi 2, inakuwa 4. Ripoti 0. Jumla 20. 041: fedha 1, muda 1, aina ya mradi 1, kwingine 0, yaani 3 na 3 na 2, jumla 8. Hao "wadau wote" hawakumpa kitu.

Kabla ya kuanza, wasomaji wote wasome CV tano zilezile kila mtu peke yake, walinganishe, wabishane. Dakika 40 hizo zinaokoa siku nzima. Baadaye, kwenye kigezo chochote ambacho wawili wanatofautiana kwa alama 2 au zaidi, wasigawanye kati. Wafungue CV, kila mmoja aonyeshe mstari aliousoma. Mara nyingi mmoja alikuwa ameuruka.

Uchovu nao ni chanzo, na unahesabika. Mchujo wa kwanza wa vigezo vya lazima ni dakika 2 kwa CV: 190 mara 2 ni dakika 380, saa 6 na dakika 20. Tuseme wanabaki 48. Kila mmoja apewe dakika 12, ni dakika 576, saa 9 na dakika 36 kwa kila msomaji. Hiyo ni kazi ya siku tatu. Anayedai kaimaliza Ijumaa mchana kati ya swala na chakula hajasoma. Simama kila baada ya CV 20, na siku ya pili anza na zile ulizosoma mwisho jana.

Chukua pia CV 15 zilizokataliwa, bila kuchagua, zisomwe na mtu mwingine. Akikuta hata mbili zilizokataliwa kimakosa, mchujo wa kwanza urudiwe.

Orodha imejaa watu wa nyumba moja

Sita walioitwa wote wamesoma chuo kimoja na bosi, au wote ni jamaa za mtu. Kuna vyanzo viwili hapa, na dawa zao hazifanani.

Cha kwanza kinaingia bila mtu kukusudia. CV za kwetu hubeba picha, umri, dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Macho yakishaviona hayawezi kujifanya hayajaona. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na kinamhesabu mwombaji kazi pia. Mtu asiye msomaji afunike sehemu hizo na jina kabla CV hazijagawiwa. Kwa CV 48 ni kazi ya nusu siku. Swali la "ameolewa, ataweza kukaa saiti?" lisionekane kwenye karatasi yoyote. Utayari wa kukaa saiti waulizwe wote, wanaume kwa wanawake, kwa maneno yaleyale.

Tanga ina msemo wake wa "waja leo, waondoka leo", na wapo waajiri wanaougeuza kigezo: aliyetoka Dar es Salaam hatakaa. Barabara ya kilomita kama 350 si ushahidi wa kutokukaa. Ushahidi uko kwenye CV, kwenye miradi aliyokaa nayo mpaka makabidhiano akiwa mbali na kwao.

Chanzo cha pili kinakusudiwa, na jina lake ni kimemo. Kinakuja kwa simu, kwa salamu msikitini, au kwa kikaratasi: "huyu ni kijana wetu, mwangalie." Ukikipigia kelele utapata uadui, ukikinyamazia utapata meneja usiyemtaka. Njia nyepesi ni kumjibu mwenye kimemo kwa adabu: "Sawa mzee, mwambie alete CV kabla ya tarehe ya kufunga, itasomwa." Inapewa namba, inafunikwa jina, inapewa alama kama nyingine. Akipata 24 ataitwa kwa haki yake. Akipata 8, unayo karatasi yenye saini za watu wawili ya kumwonyesha mzee.

Vyeti vina mushkeli

Mchezo unaojirudia zaidi ni wa PMP. Taasisi ya PMI ya Marekani inataka mtu awe na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi kabla ya kufanya mtihani, pamoja na uzoefu wa kuongoza miradi. Waliohudhuria saa 35 hupewa cheti cha kuhudhuria, na wapo wanaoandika "PMP" kwa cheti hicho. Wengine walifaulu kweli, lakini PMP huhuishwa kila miaka 3 kwa pointi 60 za kujiendeleza, na wao waliiacha ikafa. Vyote viwili unavikagua kwenye rejista ya PMI mtandaoni. Ngazi ya Practitioner ya PRINCE2, cheti kingine cha usimamizi wa miradi, nayo ina ukomo wa miaka 3, kwa hiyo soma tarehe.

Vyeti vya kidato cha nne na cha sita huhakikiwa Baraza la Mitihani (NECTA), shahada za nje ya nchi hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), wahandisi wako kwenye orodha ya bodi yao. Usihakiki watu 190, hakiki sita. Wala usidai nakala zilizogongwa muhuri wa wakili mwanzoni; unawatoza watu fedha kwa kazi ambayo 184 kati yao hawataitwa.

Umewaita sita, wamekuja wawili

Umechelewa, au hukutaja mshahara, au vyote. Watu wa miradi hawakai sokoni. Mkataba ukiisha leo, mzuri ameshachukuliwa wiki ya tatu. Kuanzia siku ya kufunga mpaka kupiga simu zisizidi siku 14. Simu yenyewe iwe ya dakika 15 na iwe na maswali manne: bado unaitaka kazi, mshahara unaoutarajia uko ndani ya kiwango hiki (kitaje), unaweza kuanza lini, na lile swali moja uliloliandika pembeni ya CV yake. Asipopokea, tuma ujumbe mfupi wenye jina la ofisi, nafasi na namba ya kurudisha. Namba ngeni siku hizi hazipokelewi.

Ita watano au sita, na wawili wa akiba waambiwe kuwa ni wa akiba. Waliobaki 182 watumiwe ujumbe wa mistari miwili. CV zao zisizungushwe WhatsApp kwa rafiki mwenye kampuni "labda atahitaji": Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi iliyozikusanya. Kwenye lile jedwali ongeza safu moja ya mwisho, tarehe ya kufuta, na uijaze leo wakati bado unaikumbuka.